Ngoja na Ua wa Mibono

Mtoto wa mbwa aliletwa Mkata na Bwana Richard, ndani ya boksi la tambi, kwenye buti ya gari, siku ya upepo mwingi. Bwana Richard alikuwa na adabu ya mtu aliyelelewa vizuri. Alimwamkia Agripina, "Shikamoo mama," akaipokea marahaba kwa kuinamisha kichwa, ndipo akaweka boksi chini na kusema kwamba huyo ndiye mlinzi mwenzake.

"Usimfunge," alisema. "Mbwa akifungwa mdogo anakua na hasira, hachagui wa kumng'ata. Siku nikija na watoto itakuwa balaa. Mwache azunguke, apajue nyumbani."

"Na barabara, baba?"

Bwana Richard aliitazama barabara kana kwamba ilikuwa imeletwa pale asubuhi hiyo. Ilikuwa ile ile, lami inayopanda kutoka Chalinze kwenda Segera, imepita karibu mno na kiwanja chake hata mabasi ya Arusha yakipita, masufuria ya Agripina yalitetemeka juu ya kichanja.

"Ukuta unakuja," alisema. "Nimeshaongea na mafundi. Mwezi ujao."

Mwezi ujao ulikuwa ukija tangu Agripina akabidhiwe kiwanja kile.

Kazi yake ilikuwa kuwepo. Hakuna neno jingine la kuieleza. Bwana Richard aliishi Dar es Salaam, na kiwanja kisicho na mtu kando ya barabara kuu hakikai sana bila kupata mtu. Leo mmoja anapita na jembe, analima kijishamba cha mahindi. Mwakani ana mashahidi. Kwa hiyo katikati ya kiwanja lilisimama pagale, kuta za matofali zisizo na paa, madirisha yakiwa mashimo tu, na nyuma yake chumba kimoja kilichoezekwa mabati, na ndani ya chumba hicho aliwekwa Agripina. Moshi wake uonekane. Nguo zake zianikwe. Asilale nje hata siku moja. Mchicha aliruhusiwa kulima, mahindi pia. Lakini mti hapana. Mti wowote, wa matunda au wa kivuli, chochote cha kudumu, hapana.

Sharti hilo halikumshangaza. Alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, mjukuu wa manamba aliyeletwa kutoka Songea kukata mkonge na ambaye hakupata nauli ya kurudi wala sababu ya kubaki. Nyumba ya kambini ilikuwa ya shamba. Baba yake aliwahi kupanda mpapai nyuma ya jiko, na ulipofika kiunoni nyapara alikuja akauangusha kwa panga, bila ugomvi, akieleza kama mtu anayempa mwenzake ushauri: mti unamfanya mtu ajisahau. Baadaye Agripina aliolewa, akalima Kwedizinga kwenye shamba la kuazima, mwenye shamba akalirudisha mikononi mwake mwaka ule ule mume alipofariki. Katika miaka yake yote hamsini na kitu hakuwahi kula tunda la mti alioupanda mwenyewe. Hakulilalamikia jambo hilo. Alilibeba tu, kama mtu anavyobeba kimo chake.

Sasa akawa na mbwa.

Nyuma ya kiwanja kulikuwa na ua wa jirani yake, wa mibono, miti ambayo tawi lake likichomekwa tu linaota, na upande mmoja ukuta wa mashine ya kusaga iliyofungwa. Huko mbwa hakuwa na pa kupita. Lakini mbele na kulia palikuwa wazi kama kiganja. Upande wa kulia ilipita njia ya watu wanaoteremkia kituo cha mabasi, na mbwa yule, mwenye rangi ya udongo na masikio yasiyojua yaelekee wapi, alipenda miguu. Mguu wowote uliopita aliufuata. Akifuata miguu hadi kituoni, akirudi hakufuata kitu, alikatiza barabara tu, tumbo likigusa lami.

"Ngoja!" Agripina alipiga kelele siku ya kwanza, akimkimbilia na mwiko mkononi. "Ngoja! Ngoja wewe!"

Alilipiga kelele neno hilo kutwa nzima, na siku iliyofuata, hadi likawa jina lake.

"Mama Angel," alisema Mwatumu, akichungulia juu ya ua wake, "huyo mbwa ukimwita anasimama, ukimsimamisha anakuja. Umempa jina au umempa adhabu?"

Mwatumu ndiye jirani wa nyuma, Mzigua wa hapo hapo, mwanamke wa rika la Agripina anayeuzia wasafiri chai na mihogo ya kuchemsha. Alikuwa mtu wa swala tano. Mbwa hakumchukia, ila hakutaka mate yake yamguse, kwa hiyo kila alipovuka kuja kusalimia alishika pindo za kanga juu kama mtu anayevuka mto.

Agripina alijaribu kumfunika Ngoja kwa tenga la kuku. Mbwa akalia mpaka abiria wakawa wanageuka dirishani. Alimfungia chumbani na kuziba mlango kwa ubao. Akachimba chini yake. Mwisho akawa anamfunga mgongoni kwa kanga kila anapokwenda kuchota maji, kichwa cha mbwa kikitokeza begani, ulimi nje.

"Hongera," Mwatumu alisema kwa sauti ya kusikiwa kituoni. "Kumbe umejifungua. Baba ni nani, yule dereva wa lori la mkaa?"

"Nyamaza, Mama Shukuru. Mtoto anasikia."

Walicheka, na mbwa naye akachangamka mgongoni. Lakini Agripina alipolala mchana, maana siku hizo usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande, aliota breki. Akizinduka anamkuta Ngoja amelala juu ya nyayo zake, mzito na wa moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Kilikuwa kitu cha kwanza, baada ya miaka mingi, kilichomkimbilia yeye. Alijua kabisa kwamba hakijui kuchagua.

Ndipo Angel akapiga simu.

Angel alikuwa binti yake wa pekee. Aliishi Korogwe mjini, Masuguru, chumba kimoja cha kupanga, na mumewe Denis aliyekuwa akiendesha bodaboda. Mimba ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa imesogea.

"Mama, mwezi wa nne hauishi kabla sijajifungua. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Usiniambie nitakuja halafu usije. Mama yake Denis yuko mbali, mimi sijui hata kumwogesha mtoto."

"Nimesema nitakuja, Angel."

Alipokata simu alienda moja kwa moja kwenye ua wa Mwatumu. Walipanga mambo yao wakiwa wamesimama, mmoja huku, mwingine kule. Mwatumu angewasha moshi nyuma ya pagale asubuhi na jioni. Angeanika kanga kambani. Mtu yeyote akiulizia, Mama Angel ameenda kisimani. Uongo mdogo tu, wa siku chache.

"Moshi nitawasha," Mwatumu alisema. "Kanga nitaanika, hata ile yako yenye matundu. Chakula cha mbwa nitarusha kwa juu. Lakini huyo shetani wako simkimbizi, Mama Angel. Magoti yangu unayajua. Akitoka barabarani mimi nitasimama hapa nisome innalillahi, basi."

Ikawa hivyo. Kila kitu kilipatikana isipokuwa ua.

Wiki hiyo hiyo Mwatumu alikuwa anapogoa mibono yake. Ulikuwa wakati wa kiangazi, majani machache, na matawi aliyokata aliyarundika njiani ayachome. Agripina aliyatazama siku nzima. Jioni akaenda kuyaomba.

"Ya nini?"

"Nichomeke. Nimzuie huyu mpaka nirudi, kisha nang'oa."

Mwatumu aliacha kukata. "Mbono?" alisema. "Mama Angel, wewe umekaa kwetu siku zote hizi. Mbono hauchomekwi hivi hivi. Hapa mtu akiona mbono umesimama kwenye mstari haulizi, anajua ndio mpaka. Wazee wakiitwa kwenye baraza wanauliza mbono uko wapi."

"Nitaigeuza. Kichwa chini. Haitaota."

"Haya," Mwatumu alisema polepole. "Geuza yote."

Alianzia upande wa njia. Alichimba tundu kwa mtaimbo, akageuza tawi, ncha chini na shina juu, akashindilia udongo kwa kisigino. Tawi kwa tawi, karibu karibu, hata mkono usipite. Kisha akayasuka kwa kamba za mkonge alizosokota mwenyewe pajani, kazi ambayo vidole vyake viliijua kabla hajajua kusoma. Alipofika kwenye kona na kuanza upande wa barabara, jua lilikuwa kali na mikono ilikuwa imezoea. Aliendelea kuchimba, kuchomeka, kushindilia. Wapi aliacha kuyageuza, hakuweza kusema baadaye. Huenda alichoka. Huenda mikono ilifanya yenyewe kitu ilichokuwa imekatazwa tangu utotoni. Alimaliza mstari, akasimama akautazama, na hakurudi nyuma kukagua.

Ngoja alikuja akanusa. Alijaribu hapa, akajaribu pale, akaingiza pua, akarudi akakaa chini na kumtazama Agripina kwa mshangao wa mtu aliyefungiwa duka usoni. Agripina alienda naye kando ya ua, akampa kichwa cha dagaa kwenye kona hii na kingine kwenye kona ile, asubuhi na jioni, hadi mbwa akajua kwamba ulimwengu unaishia pale na kwamba mwishoni mwake kuna dagaa. Miguu ya watu ilipita upande wa pili. Alibweka kidogo, akaacha.

Kwa mara ya kwanza Agripina alikwenda kuchota maji mikono ikining'inia. Alitembea kama mtu aliyesahau kitu. Aliporudi mbwa alikuwa hai, na yeye aliketi kwenye kigoda akapanga mzigo wake: kanga mbili za mtoto, sabuni, mafuta ya nazi. Angekaa Masuguru wiki nzima. Labda zaidi. Angemkanda binti yake kwa maji ya moto.

Mvua za masika zilianza mapema. Zilinyesha kwa siku kadhaa mfululizo, lami ikang'aa, malori yakapita yakirusha maji hadi kwenye pagale. Zilipokatika, asubuhi moja, Mwatumu alimwita kwa sauti ambayo haikuwa na mzaha.

"Mama Angel. Njoo uone."

Upande wa njia, matawi yalikuwa yamekauka kama inavyotakiwa. Upande wa barabara yalikuwa yamechipua. Majani mapya, madogo, ya kijani laini, yalitoka kwenye kila kifundo, mstari mzima kutoka kona mpaka kona.

"Nilisema geuza yote."

"Niligeuza."

Mwatumu alinyoosha kidole kwenye majani mapya.

"Ng'oa leo," alisema hatimaye. "Mizizi bado ni nyuzi. Yule mtu wako akiona hivi sitaki kuwepo."

"Angel bado siku chache. Nikirudi nitang'oa."

"Ungekuwa Mzigua mwenzangu ningesema unataka kiwanja."

"Nataka kwenda Korogwe, Mama Shukuru. Sitaki kiwanja cha mtu."

Alisema kweli. Lakini mchana alipokuwa peke yake alipiga magoti mbele ya mbono mmoja akagusa jani kwa kidole, na moyo ukamdunda kama wa mwizi.

Bwana Richard alikuja bila kupiga simu. Gari lilisimama nje kwa sababu halikuona pa kuingilia. Alishuka, akaweka mkono kwenye mlango wa gari, akatazama ule mstari wa kijani kwa muda mrefu. Alipoingia kwa kupenya kwenye kona, hakusahau kuamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Habari za Dar?"

"Hii ni nini?"

Alimweleza. Mbwa, barabara, matawi yaliyokuwa yatupwe. Alieleza habari ya kuyageuza, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kufanana na ya mtu anayejitetea. Angel hakumtaja. Kumtaja Angel kungekuwa kukiri kwamba alitaka kuondoka.

Bwana Richard hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Mama, mimi nilikuwa na kiwanja Handeni mjini," alisema. "Nilimweka mzee wa watu, mpole, mcha Mungu kabisa. Akapanda michungwa. Nikasema, mzee anapenda kivuli, mwache. Tulipofika baraza la ardhi aliulizwa, michungwa ni ya nani? Akasema ya kwangu. Na kweli ilikuwa ya kwake. Nikatoka mikono mitupu." Alivua saa akaitia mfukoni. "Simsemi mtu. Lakini hii tutaing'oa leo, mimi na wewe, watu wa njiani waone."

Walianza pamoja. Yeye alikuwa na shati la kazini, akavuta kwa nguvu bila kulalamika, matope yakimrukia suruali. Upande wa njia matawi yalitoka kama meno ya mzee. Upande wa barabara yalikataa. Yalishika. Ilibidi kuyatikisa huku na huku mpaka udongo ulegee, na yalipotoka yalitoka na nyuzi nyeupe zenye maji, na utomvu wake ukawagandia vidoleni. Watu wa kituoni walisimama kutazama. Mwatumu aliingia ndani akafunga mlango.

"Na mbwa, baba?" Agripina aliuliza walipofika kona ya mwisho.

"Mbwa ni mbwa, mama. Atazoea."

"Nimfunge?"

"Usimfunge. Nilishakwambia." Alitazama kiwanja kilichokuwa wazi tena, akapumua. "Na tafadhali usitoke toke. Nimemwomba dalali mmoja pale stendi awe anakutupia jicho. Kwa usalama wako pia."

Akanawa mikono kwa maji aliyomiminiwa, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Ngoja alienda kwenye mashimo, akanusa moja baada ya jingine. Alisita. Kisha akavuka, akasimama pale kwenye nyasi kati ya kiwanja na lami, mkia ukitikisika, akageuka kumtazama Agripina kama anayemwita aje aone kitu. Lori lenye mabomba lilipita. Upepo wake ulimwangusha mbwa kiubavu. Agripina alimfikia akiwa ameshasimama tena, amefurahi.

Siku hiyo aliokota kamba zile za mkonge, akazisokota upya kuwa moja, ncha moja shingoni kwa mbwa, nyingine kiunoni kwake. Hakumfunga mahali popote, kwa hiyo hakuvunja sharti. Alihamishia mafiga upande wa barabara, akawa anapikia hapo, moshi wa malori ukiingia kwenye sufuria, na mbwa akilala nyuma yake kwenye kivuli cha mwili wake. Kila mbwa alipovuta, kiuno kilijua. Mtu wa stendi alipita mara kwa mara, akasema habari za saa hizi mama, akaendelea.

Denis ndiye aliyepiga simu. Alikuwa analia na kucheka. Mtoto wa kike. Wote wazima, wameshatoka hospitali. Kisha simu ikapewa Angel, na nyuma ya pumzi za Angel kilisikika kilio kidogo cha hasira.

"Mama, uko wapi? Umeshafika Segera?"

Agripina alitazama kamba.

"Bado," alisema.

"Bado nini?"

"Bado, mwanangu."

Upande wa pili kilio kiliendelea. Halafu Angel alisema, "Haya," polepole, kwa sauti ya mtu mzima kumzidi mama yake, na simu ikakatika.

Mwatumu alikuwa amesikia. Ua wake haukuzuia sauti. Alitokea kupitia njiani, pindo za kanga mkononi, akasimama mbele ya mafiga. Mbwa alimrukia miguuni, akamlamba kifundo, na Mwatumu hakuruka nyuma.

"Nipe hiyo," alisema.

"Utatawadha mara ngapi, wewe?"

"Nitaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kama nilivyofundishwa. Maji ninayo na udongo si huu hapa. Nipe kamba, Mama Angel, kabla sijabadili nia."

"Mtu wa stendi…"

"Mtu wa stendi anadaiwa chai kwangu tangu Ramadhani. Atanyamaza. Nenda ukamwone mtoto, urudi kabla ya magharibi. Siku moja. Zaidi ya hapo siwezi, na wewe huwezi."

Vidole vya Agripina vilichelewa kufungua fundo. Mwatumu alijizungushia kamba mkononi mara mbili na kumpa mgongo, akaketi kwenye kigoda cha Agripina, akachukua mwiko wa Agripina, uso kwenye barabara.

Basi dogo la Korogwe lilikuwa na nafasi. Agripina alikaa upande wa dirisha na hakuona kitu njia nzima. Kila dereva aliposhika breki, mkono wake ulienda kiunoni.

Masuguru alikuta mlango uko wazi. Angel alikuwa kitandani, amevimba macho, akanyoosha mikono bila kusema neno la lawama, na hilo lilimuuma zaidi. Alimkanda kwa maji ya moto. Alimwogesha mtoto kwenye beseni, akamwonyesha binti yake jinsi ya kushika shingo, jinsi ya kukausha mikunjo ya mapaja. Alimpaka mafuta. Kisha akatandika mkeka karibu na mlango, penye hewa, akampakata mtoto, na nyumba ikatulia.

Nje palikuwa na uwanja wa wapangaji usio na ua, na baada yake njia ya bodaboda. Pikipiki zilipita. Mtoto alikuwa mwekundu, mzito, wa moto, amekunja ngumi. Agripina alimtazama usoni kutafuta anafanana na nani, lakini macho yake hayakutulia pale. Yalikuwa yakienda nje na kurudi, nje na kurudi.

Angel aliamka, akajifunga kanga, akatembea taratibu akijishikilia ukutani, kwenda msalani. Alipofika mlangoni alisimama.

Mama yake alikuwa ameketi katikati ya kizingiti, mtoto mapajani, mgongo kwenye fremu moja, miguu ameinyoosha mpaka nyayo zikagusa fremu ya pili.

"Mama," Angel alisema, "nipishe nipite."

"Ndiyo, mwanangu," Agripina alijibu, akitazama njia ya bodaboda. Lakini miguu haikusogea.

"Mama. Nipishe."